Makanika wa Kibuye anayekuwekea spea mkononi

Probox yangu hubeba omena kutoka Dunga hadi soko la Mbale, na kwa muda mrefu ilikuwa ikichemka. Asubuhi kwenye jam ya Kondele, hapa Kisumu, joto lilipanda mpaka natamani kulia. Nikishapita Mamboleo na kuanza kushika kasi, inatulia. Hata mlima wa Riat iliupanda na mzigo wote.

Gereji moja mjini iliniambia gasketi ya silinda hedi imeungua, lazima injini ifunguliwe, na ikishafunguliwa tubadilishe taimingi belti pia. Injini ya gari langu ni 1NZ, na 1NZ haina taimingi belti. Ina cheni. Hayo niliyajua baadaye, kwa huyu kijana wa jua kali ya Kibuye ambaye rafiki yangu muuza samaki alinielekeza kwake.

Kabla ya kushika spana aliniuliza: "Mama, inachemka ikiwa imesimama ama ikiwa inaenda?" Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Alingoja injini ipoe ndipo akafungua kifuniko cha rejeta, kisha akafungua cha oili na kuniita nione. Gasketi ikiungua, maji yanaweza kuingia kwenye oili ikawa kama chai ya maziwa. Yangu ilikuwa nyeusi tu. Akawasha gari, tukasubiri lipate moto. Feni haikuzunguka.

Akaiunganisha moja kwa moja na betri, ikazunguka. Basi feni yenyewe ni nzima. Akachomoa rilei, akaazima ya aina hiyo kutoka gari jingine lililokuwa pale, na feni ikaanza kazi yake. Rilei ni swichi ndogo ya umeme: mkondo mdogo unaiamuru, nayo inaifungulia feni mkondo mkubwa. Ikifa, ukiwa kwenye jam hakuna kitu cha kupoza rejeta, lakini ukikimbia upepo unafanya kazi hiyo. Ndiyo maana Kondele na Riat zilikuwa zikinipa majibu tofauti. Kitu cha kutoshea kiganjani, nami nilikuwa karibu kufunguliwa injini nzima!

Aligundua pia kwamba thamostati iling'olewa zamani. Mafundi wengi huiondoa wakisema Kisumu ni joto, haina kazi. Inayo. Ni vali inayokaa imefungwa mpaka maji yafike karibu nyuzi 82, ili injini ipate moto haraka. Bila hiyo injini huchelewa kupata moto na hula mafuta zaidi. Akaweka mpya na kujaza kulanti, yale maji maalumu ya kupoza injini, kwa sababu maji matupu ya bomba yanaleta kutu ndani ya rejeta.

Kinachonipendeza zaidi ni habari ya spea. Hakununulii kwa siri. Anakuandikia jina la kitu, unaenda dukani mwenyewe, na ile ya zamani anakurudishia. Taa, mlango au hata altaneta, anasema chukua Ex-Japan, yaani iliyotumika Japani, bila wasiwasi. Brekipedi na belti, hapana, nunua mpya. Kwangu hilo ni jambo zito, maana kurudi kutoka Kiboswa ni kuteremka tu na breki zinapata moto. Oili ya breki nayo hufyonza unyevu ikikaa, na ikiwa na unyevu huchemka mapema. Pedali inalegea mguuni wakati unaihitaji zaidi.

Kasoro zipo. Hakuna kivuli cha mteja kungojea, jua la Kibuye linakupiga mchana kutwa. Anashughulikia gari moja kwa wakati mmoja, kwa hivyo ukifika saa nne utaondoka jioni. Rangi na kunyoosha bodi hafanyi, na simu hapokei akiwa chini ya gari. Mimi ningemvumilia hata zaidi ya hapo.

Nenda mapema, gari likiwa limepoa. Jumamosi usiende, ni Msabato.