Diski Mbili Kabla ya Kitu Kingine: Mwongozo wa Kununua Hifadhi ya Nakala Rudufu kwa Nyumba na Biashara Ndogo za Tanga

Mwenye steshenari pale Ngamiani, mhasibu wa chama cha akiba na mikopo, mpiga picha za harusi na mwalimu anayetunga mitihani nyumbani kwake Makorora wana jambo moja linalowaunganisha: kazi zao za miaka mingi zimekaa ndani ya diski moja ya kompyuta moja, na diski hiyo ikifa leo hakuna kitakachobaki. Kompyuta inaweza kununuliwa nyingine, hata kwa mkopo, lakini hesabu za wadaiwa, picha za harusi iliyokwisha kupita na michoro ya nyumba ya mteja havinunuliki popote. Mwongozo huu unazipanga njia za kuhifadhi nakala rudufu anazoweza kuzipata mkazi wa Tanga, kuanzia ile inayowafaa wengi hadi ile ambayo nisingependa mtu yeyote aitegemee. Nimezipima kwa swali moja: siku kompyuta itakapoibwa, kuungua au kushikwa na virusi, mwenyewe atarudi kazini baada ya muda gani, na atakuwa amepoteza nini?

Wataalamu wa kuhifadhi data wana kanuni wanayoiita tatu, mbili, moja, yaani nakala tatu za kila faili muhimu ikiwemo ile ya asili, katika vifaa vya aina mbili, na moja kati ya hizo ikae mahali pengine kabisa. Watu wengi huisahau sehemu ya mwisho. Diski iliyowekwa kwenye droo ya meza ileile ya kompyuta itaondoka na mwizi yuleyule, na paa likivuja wakati wa masika litavilowesha vyote viwili kwa pamoja. Mahali pengine si lazima pawe mbali. Mwenye duka mjini anaweza kuitunza diski nyumbani kwake Raskazone au Mikanjuni, na anayefanya kazi nyumbani anaweza kuiacha kwa ndugu wa Muheza anayekwenda kumsalimia mara kwa mara.

Kabla ya kutoa fedha, fahamu kwanza una mzigo kiasi gani. Hesabu, barua na orodha za wateja za duka la kawaida, hata za miaka kumi, mara nyingi hazifiki gigabaiti 5, ilhali mpiga picha na video huweza kujaza terabaiti nzima, yaani gigabaiti 1,000 hivi, katika msimu mmoja wa harusi. Pima ukubwa wa mafaili usiyotaka kuyapoteza, kisha nunua diski yenye nafasi angalau mara mbili ya hiyo, kwa sababu nakala nzuri hutunza pia matoleo ya zamani ya faili na wala si toleo la jana peke yake.

Nafasi ya kwanza: diski mbili za nje zinazopokezana

Hili ndilo chaguo ninalolipendekeza kwa nyumba nyingi na kwa takribani kila biashara yenye kompyuta moja au mbili. Badala ya diski moja kubwa ya bei ya juu, nunua diski ngumu mbili za kubebeka, zile ndogo za inchi 2.5 zinazopata umeme kupitia waya wa USB. Wiki hii diski ya kwanza hutumika kwenye kompyuta huku ya pili ikiwa nyumbani au kwa ndugu, na wiki inayofuata zinabadilishana. Mtu akiibiwa kila kitu kilichomo dukani, atakuwa amepoteza kazi ya wiki moja, na kazi ya wiki moja inaweza kurudiwa kutoka kwenye risiti na kumbukumbu za kichwani.

Zipo pia diski kubwa za inchi 3.5 ambazo kila terabaiti yake huwa nafuu zaidi, lakini hizo zinahitaji chaja yake ya ukutani. Umeme ukikatika katikati ya kunakili, kompyuta mpakato itaendelea kwa betri huku diski ikizimika ghafla, na kuzimika kwa namna hiyo huweza kuharibu faili lililokuwa linaandikwa. Kwa hali ya umeme wetu, ile ndogo ni salama zaidi.

Usiumize kichwa sana kuhusu jina lililo juu ya kasha. Watengenezaji wa diski ngumu waliobaki duniani ni watatu tu, Seagate, Western Digital na Toshiba, na majina mengine yote dukani huweka diski za hao ndani ya makasha yao. Ukiweza, chukua mbili za majina tofauti, maana diski zilizotoka kiwandani pamoja zinaweza kuwa na kasoro moja. Lililo muhimu ni kwamba diski na tundu la kompyuta viwe vya USB 3. Gigabaiti 500 kupitia USB 3 huchukua saa moja na nusu hivi, lakini kupitia USB 2 zinaweza kuchukua saa nne au zaidi, na kazi ya saa nne ni rahisi kuahirishwa hadi ikasahauliwa.

Pwani yetu ina masharti yake. Watengenezaji wengi huandika kwamba diski hizi zifanye kazi katika joto la kati ya nyuzi 5 na 35, na katika miezi ya Januari hadi Machi chumba kidogo cha bati kisicho na feni huvuka kiwango hicho mchana. Fanya kazi ya kunakili asubuhi au usiku. Hewa ya chumvi nayo hula madini ya matundu na plagi, na katika diski nyingi ndogo za siku hizi tundu la USB limeunganishwa moja kwa moja kwenye ubao wa ndani, kiasi kwamba likivunjika au kuliwa na kutu, hata fundi mzuri hupata taabu kuitoa data. Hifadhi diski ndani ya chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya, na nunua waya wa akiba siku ileile unayonunua diski. Diski inapozunguka isisogezwe wala kuinuliwa, kwa kuwa vichwa vyake vya kusomea huelea juu ya sahani kwa umbali mdogo mno, na mgongano mmoja hutosha kuviua.

Ukimaliza kunakili, ichomoe. Mwezi Mei mwaka 2017 programu hasidi ya WannaCry ilisambaa katika nchi nyingi kwa muda wa siku chache, ikifunga mafaili na kudai fedha ili yafunguliwe, na programu za jinsi hiyo hazijaisha. Hufunga kila kitu zinachokiona, pamoja na diski ya nakala iliyoachwa imechomekwa. Ile iliyoko kwa ndugu Muheza haziwezi kuifikia.

Programu ya kunakilia huna haja ya kuinunua. Windows ina File History, Mac ina Time Machine, na Veeam Agent katika toleo lake la bure inaweza kuchukua picha ya kompyuta nzima pamoja na mfumo wake. Wanaotumia Tally au QuickBooks watoe nakala kwa njia iliyomo ndani ya programu hizo, kwa sababu faili la hesabu likinakiliwa wakati limefunguliwa huweza kutoka likiwa bovu.

Nafasi ya pili: hifadhi ya mtandaoni, kwa mambo machache ya lazima

Hifadhi ya mtandaoni hutimiza sharti la mahali pengine bila mtu kubeba chochote, na kwa hesabu na nyaraka za kila siku haina mpinzani. Google Drive hutoa gigabaiti 15 bure, OneDrive na iCloud 5 kila moja, na Dropbox 2. Duka la dawa au ofisi ndogo ya uwakili inaweza kukaa humo kwa miaka bila kulipa. Zingatia tu kwamba zile 15 za Google hugawanywa na barua pepe, picha za simu, na kwa watumiaji wa Android pia nakala za WhatsApp, hivyo anayepokea oda za wateja kwa WhatsApp atazimaliza mapema kuliko anavyodhani.

Sababu ya kuiweka nafasi ya pili ni bando. Gigabaiti 200 kwa kasi ya kupandisha ya megabiti 5 kwa sekunde zitahitaji karibu siku nne usiku na mchana bila kukatika, na siku ya maafa utahitaji kuzishusha zote tena. Aidha, tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom ziliharibika kwa pamoja, na intaneti ikadorora Tanzania na kwa majirani zetu. Mwenye diski kabatini aliendelea kupata mafaili yake siku hiyo.

Kuna hatari nyingine isiyoonekana kwa urahisi. Huduma hizi kwa kawaida husawazisha, yaani ukifuta faili kwenye kompyuta linafutwa na kule. Google Drive hulitunza kwenye pipa la taka kwa siku 30 na kisha hupotea kabisa. Mfanyakazi akifuta folda kwa bahati mbaya mwezi wa Ramadhani na ikagundulika baada ya Idi, huenda muda umekwisha kupita. Na kwa kuwa akaunti hizi hufunguliwa kwa namba ya simu, chapisha namba za dharura za kurejesha akaunti na uzifungie pamoja na hati za nyumba, maana laini ikipotea siku moja na kompyuta utakuwa umefungiwa nje ya mali yako mwenyewe.

Nafasi ya tatu: diski za SSD za kubebeka

Kwa mpiga picha anayepanda daladala kwenda Pangani au Korogwe na kurudi usiku, diski ya SSD ina thamani ya bei yake, kwa sababu haina kinachozunguka ndani na huvumilia mitikisiko na kuanguka. Kwa mtu wa dukani, fedha hizohizo humpatia diski ngumu mbili. Isitoshe, SSD haifai kufungiwa kabatini kwa miaka mingi bila umeme, kwani chaji inayobeba data hupungua polepole, na joto huongeza kasi hiyo. Itumie kwa safari, kisha kazi ikishafika nyumbani ihamishie kwenye diski zinazopokezana.

Nafasi ya nne: hifadhi ya pamoja ya ofisi

Ofisi yenye kompyuta tatu au zaidi, kama shule binafsi au zahanati, inaweza kufikiria sanduku la hifadhi linalounganishwa kwenye ruta, kama yale ya Synology na QNAP, ambalo hukusanya nakala za kompyuta zote lenyewe usiku. Ni kifaa kizuri ambacho wengi hununua kwa matarajio yasiyo sahihi. Diski mbili zilizomo huandika kitu kilekile kwa wakati mmoja, kwa hiyo hukukinga na kifo cha diski moja, lakini faili likifutwa au kufungwa na virusi, linaharibika kwenye zote mbili papo hapo. Januari 2022 programu hasidi ya DeadBolt ilivifunga vifaa vingi vya QNAP vilivyokuwa vimeachwa wazi kwenye intaneti. Ukikinunua, usikifungulie njia ya kufikiwa kutoka nje, kiwekee UPS, yaani betri inayokishikilia umeme ukikatika, na uendelee kuwa na diski ya nje inayotoka ofisini. Ikiwa bajeti haitoshi kwa yote hayo, rudi nafasi ya kwanza.

Nafasi ya tano na ya sita

DVD hubeba gigabaiti 4.7 tu, na kompyuta mpya nyingi hazina pa kuiingiza. Inafaa kwa kumkabidhi mteja picha zake.

Flashi ninaiweka mwisho kwa makusudi, ingawa ndiyo inayonunuliwa zaidi. Hupotea mifukoni, hubeba virusi kutoka kompyuta moja ya kuchapishia hadi nyingine, na sokoni zipo za kughushi ambazo huandikwa terabaiti 2 wakati ndani zina gigabaiti chache. Hizo hupokea mafaili bila kulalamika na kuonyesha majina yake, lakini siku ya kuyafungua hayafunguki. Flashi ni chombo cha kusafirishia.

Wajibu wa mwenye biashara

Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inamtaka mlipakodi kutunza kumbukumbu zake kwa miaka isiyopungua mitano, na risiti za EFD huchapwa kwenye karatasi ambayo maandishi yake hufifia. Zipige picha au zipitishe kwenye skana kila mwezi, ziingie kwenye nakala. Anayeshika taarifa za wagonjwa, wanafunzi au wakopaji anabanwa pia na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Diski yenye majina na magonjwa ya watu isitoke mlangoni bila kufungwa kwa nywila. Matoleo ya Pro ya Windows yana BitLocker, na wengine wote wanaweza kutumia VeraCrypt bila malipo. Nywila yenyewe iandikwe na ifungiwe mahali pasipo na diski.

Unaponunua

Bei ya Kariakoo inaweza kuwa chini kidogo, lakini diski mbovu italazimika kurudishwa umbali wa kilomita zipatazo 350, kwa hiyo ikiwa tofauti si kubwa nunua mjini Tanga kwa muuzaji anayetoa risiti na dhamana ya maandishi. Omba kuichomeka hapohapo na kuisoma kwa CrystalDiskInfo. Programu hiyo huonyesha diski imewashwa kwa saa ngapi, na ya dukani inapaswa kuwa sifuri au karibu na sifuri, kwa sababu wapo wanaotoa diski kuukuu kwenye kompyuta za mtumba na kuzitia katika makasha mapya. Ukionyeshwa maelfu ya saa, mrudishie muuzaji kwa heshima na uende duka la pili. Ukifika nyumbani, kabla ya kuweka chochote, iendeshe H2testw, ambayo hujaza diski nzima kisha husoma kila ilichoandika. Kwa terabaiti 1 hesabu saa tano hadi sita, hivyo ianzishe jioni. Ikikosea, irudishe kesho yake pamoja na risiti. Ikipita, weka nakala ya kwanza, kisha ichomeke kwenye kompyuta ya mtu mwingine na ufungue mafaili machache uone kama yanasomeka, na jaribio hilo la mwisho lifanye kila mwezi kwa diski zote mbili.