Siku tatu Upper Hill: mafunzo ya kutathmini usalama wa kinu cha nyuklia wakati wa tetemeko

Mwezi uliopita nilihudhuria mafunzo ya siku tatu kuhusu namna ya kutathmini usalama wa kinu cha nyuklia dhidi ya matetemeko ya ardhi, katika ukumbi wa hoteli moja mtaani Upper Hill, Nairobi. Naandika haya kwa ajili ya wahandisi wenzangu, wanajiolojia, maafisa wa kaunti na yeyote mwingine anayefikiria kulipa shilingi 38,000 kwa kiti kimoja. Kampuni iliyoyaandaa sitaitaja, kwa kuwa nina malalamiko kadhaa. Mimi ni mhandisi wa majengo, na sijawahi kufanya kazi ndani ya kinu cha nyuklia. Kenya yenyewe bado haina kinu cha kuzalisha umeme. Hata hivyo mpango wa kitaifa upo, ulianza kwa kuiangalia Uyombo katika Kaunti ya Kilifi na baadaye ukageukia Siaya, na mpango huo ukifika mezani kwetu nataka nijue cha kuuliza.

Siku ya kwanza ilihusu ardhi: itatikisika kiasi gani, na mara ngapi. Mwalimu wetu, mhandisi mstaafu aliyekagua vinu katika nchi kadhaa, alianza kwa kutuachisha lugha ya vichwa vya habari. Mtu akisema kinu kimejengwa kustahimili tetemeko la ukubwa wa 7, alituambia, bado hajasema kitu, kwa sababu tetemeko la ukubwa huo likitokea kilomita 200 kutoka hapo huenda likatingisha vyombo tu, ilhali la ukubwa wa 6 likitokea karibu na msingi laweza kung'oa mashine. Kinachoingia katika hesabu ni mchapuko wa ardhi, yaani jinsi kasi yake inavyobadilika, pale pale penye msingi, unaopimwa kama sehemu ya g, yaani mvutano wa dunia, pamoja na mdundo wa mtikisiko wenyewe, kwa kuwa jengo zito la kinu huitikia mdundo mmoja na kabati jembamba la umeme huitikia mwingine. Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki, IAEA, linataka kiwango cha usanifu kisipungue 0.1g hata mahali ambapo ardhi imetulia.

Kisha zikaja hesabu za uwezekano, na hapa mwalimu alikuwa mwepesi wa kueleza na mvumilivu wa kurudia. Majengo ya kawaida katika kanuni nyingi husanifiwa kwa mtikisiko wenye uwezekano wa asilimia 10 wa kupitwa ndani ya miaka 50, sawa na wastani wa mara moja kila miaka 475. Kwa kinu cha nyuklia, kipimo kinachotumika sana ni mara moja kila miaka 10,000. Nilipiga hesabu pembeni mwa daftari: kinu kikifanya kazi miaka 60, uwezekano wa mtikisiko huo kupitwa ni kama asilimia 0.6. Ni idadi ndogo, na ukiitazama haraka unaridhika. Lakini kumbukumbu za mitambo ya kupimia matetemeko hazijafikisha miaka 150 popote duniani, kwa hiyo anayezungumzia miaka 10,000 analazimika kuchimba mahandaki kukata nyufa za kale za ardhini na kusoma tabaka za udongo zilizokatika, kisha azipangie umri. Kazi hiyo isipofanyika, asilimia ile haina mguu wa kusimamia. Kinu cha Diablo Canyon huko California kilitolewa kama mfano: ufa wa Hosgri, ulio chini ya bahari karibu nacho, ulitambuliwa ujenzi ukiwa umeshaanza, na usanifu ukalazimika kupitiwa upya.

Hapo ndipo lilipo lalamiko langu kubwa. Mifano yote ya siku ile ilitoka California na Japani, na Kenya ikapewa dakika arobaini kabla ya chai ya jioni, slaidi nne, mbili kati yake ni ramani za rangi zilizochapwa kwa rangi nyeusi na kijivu katika makabrasha yetu, hata usingeweza kutofautisha eneo la hatari kubwa na ziwa. Tetemeko la Subukia la Januari 6, 1928, lenye ukubwa wa 6.9, lilipata sentensi mbili. Hilo ndilo tetemeko kubwa zaidi kupimwa nchini. Lilipasua ardhi kwa kilomita zipatazo 38 kando ya Bonde la Ufa, na mpasuko wa namna hiyo ni kitabu kilicho wazi kwa anayetaka kujua nyufa zetu zinavyotembea. Ghuba ya Winam, ambayo Siaya inapakana nayo, imelala ndani ya tawi la Bonde la Ufa linaloelekea magharibi, na hilo halikutajwa kabisa. Kuhusu Kilifi, niliuliza mwenyewe juu ya tsunami ya Desemba 26, 2004, iliyovuka bahari nzima kutoka Sumatra na kufika pwani yetu, nikajibiwa kwamba muda umekwisha. Mtu aliyelipa nauli kutoka Kilifi kuja kusikiliza hakustahili jibu hilo.

Siku ya pili ilinibadilishia mawazo, na ingekuwa haki kusema kwamba ni miongoni mwa siku bora za mafunzo nilizowahi kukaa darasani. Ilihusu ukaguzi wa kutembea, yaani wahandisi wawili au watatu kuingia chumba kwa chumba wakiwa na orodha ya vifaa vinavyohitajika ili kuzima kinu na kukipoza, na kutazama kila kimoja kilivyofungwa, kilichokaa juu yake na kilichosimama kando yake. Mwalimu alieleza kwanza kwa nini upozaji ndio kufa na kupona. Kinu kikizimwa, mafuta yake ya nyuklia huendelea kutoa joto, mwanzoni karibu asilimia 6 ya nguvu za kawaida, na joto hilo halina swichi ya kulizimia. Maji yasipozunguka, mafuta huyeyuka.

Mfano wa kwanza ulikuwa Kashiwazaki-Kariwa nchini Japani, kituo chenye vinu saba, kilichopigwa na tetemeko la ukubwa wa 6.6 mnamo Julai 16, 2007. Chini ya kinu nambari 1 kilipimwa kiwango cha gali 680 wakati usanifu ulikuwa umekadiria 273; gali ni kipimo kidogo cha mchapuko, na gali 980 ni sawa na 1g. Vinu vilivyokuwa vikifanya kazi vilijizima vyenyewe na majengo makuu yakasimama imara, lakini transfoma ya kinu nambari 3 ilishika moto uliochukua takriban saa mbili kuzimwa, na maji ya bwawa la mafuta ya nyuklia yaliyotumika yakamwagika. Tarehe ile ilinigusa, kwa sababu siku iliyofuata, jioni ya Julai 17, 2007, tetemeko kutoka Gelai karibu na Ziwa Natron lilitikisa maghorofa ya Nairobi, nami nilikuwa mmoja wa walioshuka ngazi mbio katikati ya jiji. Nakumbuka taa ya dari ikibembea juu ya meza yangu na sauti ya makabati ya chuma yakigonga ukuta. Miaka yote hiyo nilidhani kumbukumbu yangu ni ya jengo. Darasani niligundua kwamba ilikuwa ya vitu vilivyomo ndani ya jengo, ambavyo mimi kama mhandisi sikuwahi kuvihesabu.

Mfano wa pili ulikuwa kituo cha Fukushima Daiichi, pia nchini Japani, Machi 11, 2011, na ulielezwa kwa mpangilio ambao sijauona kwingine. Tetemeko la ukubwa wa 9.0 lilikata umeme wa nje; vinu vitatu vilivyokuwa vikifanya kazi vikazimika, na jenereta za dizeli zikawaka kama zilivyopangwa. Takriban dakika hamsini baadaye bahari ilifika kwa kimo cha mita zipatazo 14, ilhali makadirio yalikuwa mita 5.7, na jenereta nyingi zilikuwa katika vyumba vya chini. Jenereta moja ya kinu nambari 6, iliyopozwa kwa hewa na kuwekwa mahali pa juu zaidi, ilibaki ikifanya kazi, na ndiyo iliyoviokoa vinu nambari 5 na 6. Onagawa, kituo kilichokuwa karibu zaidi na chanzo cha tetemeko, kilijengwa juu ya uwanja ulioinuliwa hadi mita 14.8 na kikapoa salama. Mama mmoja kutoka Kilifi alinyoosha mkono: "Mwalimu, sisi wa pwani tukija kuulizwa maoni, tuulize nini?" Mwalimu aliacha slaidi zake. "Mama, waulizeni wamechimba mahandaki wapi, waulizeni jenereta zitakaa mita ngapi juu ya bahari, na msikubali jibu lisilo na namba."

Baada ya chakula cha mchana tulishuka chini kukagua chumba cha jenereta cha hoteli yenyewe, kila kikundi na tochi na fomu yake. Jenereta ilikaa juu ya springi za kuzuia mtetemo, na springi hizo hazikuwa na vizuizi vya pembeni, kwa hiyo mashine ya tani kadhaa ingeweza kuteleza na kukata bomba lake la dizeli. Betri za kuiwasha zilikuwa juu ya rafu ya mbao isiyofungwa ukutani, zikiachiana nafasi ya kutosha kugongana. Nyuma ya rafu palikuwa na ukuta wa mawe ya bloku usio na chuma ndani. Nilichuchumaa kwenye kabati la swichi na kuhesabu boliti: mashimo manne, boliti tatu, na mojawapo ilizunguka kwa vidole vyangu. Hakuna hesabu ya uwezekano ingeniambia hilo. Mashine hiyo ingeweza kunusurika tetemeko lenyewe kisha ikashindwa kuwaka kwa sababu ya rafu ya mbao, na kinu cha nyuklia kinaweza kuponzwa na jambo la udogo huo huo.

Siku ya tatu ilirudi kwenye hesabu, safari hii za udhaifu wa vifaa: kutafuta kiwango cha mtikisiko ambacho una uhakika wa asilimia 95 kwamba kifaa hakina zaidi ya asilimia 5 ya uwezekano wa kushindwa. Ni dhana nzuri na ilifundishwa vizuri. Zoezi la vikundi liliharibika kidogo, kwa kuwa jedwali la kompyuta tulilopewa halikuwa limeondoa matetemeko madogo yanayofuata tetemeko kubwa, na kila moja likahesabiwa kana kwamba limejitegemea. Dada mmoja mwanajiolojia ndiye aliyeliona. Mwalimu alikiri kosa papo hapo na kulirekebisha mbele yetu, jambo lililoniongezea imani naye, ingawa jedwali linalouzwa kwa bei hii lilipaswa kukaguliwa kabla ya kufika mezani.

Nilitamani siku hiyo ingetumia muda mwingi zaidi kwa Koeberg, kando ya Cape Town, ambako vinu viwili vimekaa juu ya pedi za mpira zinazopunguza mtikisiko unaopanda kutoka ardhini, na usanifu wake ni wa 0.3g. Hicho ndicho kituo cha pekee kinachozalisha umeme wa nyuklia barani Afrika hadi sasa, na tunaweza kukifikia kwa ndege kwa saa chache. Kilipewa picha moja.

Chakula kilikuwa kizuri na cheti kilitolewa siku ile ile.

Nimewaandikia waandaaji nikiwaomba dakika arobaini za Kenya ziwe siku nzima, ramani zichapwe kwa rangi, na aalikwe mtaalamu aliyetembea mpasuko wa Subukia kwa miguu. Wamejibu kwa adabu, bila kuahidi. Mhandisi wa majengo au wa mitambo atapata thamani ya pesa zake hata kama hatawahi kuona kinu maishani. Mwanajiolojia atasononeka siku ya kwanza. Kwa mwakilishi wa wananchi kutoka Kilifi au Siaya, ningemshauri alipie siku ya pili peke yake, ambayo inauzwa kwa shilingi 15,000, awahi kufika kabla ya saa mbili na nusu asubuhi ili akae mbele, na aje na viatu visivyoteleza, kwa sababu chumba cha jenereta hufikiwa kwa ngazi nyembamba na sakafu yake imelowa dizeli.