Tahadhari kwa wanaotafuta chumba Upanga, Dar es Salaam: aliyenipangisha hakuwa mwenye nyumba

Ninaandika nikiwa na hasira na aibu. Nimetapeliwa shilingi 2,450,000, yaani kodi ya miezi sita ya chumba masta chenye jiko kwa shilingi 350,000 kwa mwezi, pamoja na mwezi mmoja wa dalali. Nilikuwa na haraka, kwani nililazimika kuhama Mbagala kabla ya mwisho wa mwezi.

Dalali alinipandisha ngazi hadi ghorofa ya tatu ya jengo la zamani, lile lenye sakafu ya terazo na vibaraza virefu vinavyotazamana na mwarobaini. Mzee aliyejitambulisha kuwa mwenye nyumba alikuwa ametangulia, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Nilimwamkia, akaniitikia, "Marahaba mwanangu," kisha akafungulia bomba na kuacha maji yatiririke ili nione kwamba hayakatiki. Dirisha la jikoni lilikuwa limekwama. Akaligonga kwa kiganja, chini kidogo ya komeo, likafunguka mara moja, akasema limekuwa hivyo tangu utoto wake. Hapo ndipo nilipoamini kabisa, kwani ni nani angejua pa kuligonga dirisha lile isipokuwa mtu aliyelelewa humo?

Nilitaka kulipa miezi mitatu. Simu yake ikaita, akamjibu mtu kwamba aje na kodi ya mwaka mzima saa kumi, ila kuna binti amewahi. Nikatoa bahasha. Alihesabu noti mara mbili juu ya kaunta ya jiko, akaniandikia risiti kwenye kitabu chenye karatasi ya kaboni, akagonga mhuri, akanikabidhi funguo mbili zilizofungwa kwa uzi mwekundu.

Jumamosi nilifika na kirikuu kilichobeba godoro, friji na vyombo vyangu vyote. Ufunguo haukuingia. Mlango ulifunguliwa na kijana aliyekuwa ameshahamia, akanionyesha risiti yenye mwandiko uleule na mhuri uleule, iliyoandikwa siku mbili kabla ya yangu. Tukiwa bado tumesimama mlangoni, jirani alitueleza kwamba mpangaji halali amesafiri, na kwamba yule mzee alikuwa amekikodi chumba kwa siku kupitia mtu aliyeachiwa ufunguo. Alilala humo wiki mbili, na dirisha alijifunzia humohumo.

Mtu huyu na dalali wake wakamatwe na wafungwe. Kujipatia mali kwa udanganyifu ni kosa chini ya kifungu cha 302 cha Kanuni ya Adhabu, na adhabu yake inaweza kufika miaka saba jela. Sitaki kusikia habari za kusuluhishwa nyumbani wala za kurudishiwa nusu, kwa sababu mtu anayemtazama mwenzake usoni na kumwita mwanangu huku akihesabu akiba yake anastahili kuimaliza miaka hiyo yote.

Dalili zilikuwepo. Nilipojaribu kununua umeme wa LUKU kwa simu, jina lililotokea kwenye mita halikuwa lake, akasema ni la shemeji. Nilipoomba tuandikishiane kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, alisema mwenyekiti yuko msibani. Tena alidai jengo lilijengwa na babu yake na halijawahi kutoka mikononi mwa familia, ilhali majengo mengi ya aina hiyo mjini yalitaifishwa mwaka 1971 na wakazi wake ni wapangaji wa Shirika la Nyumba la Taifa. Swali moja tu kwa mlinzi wa chini lingetosha.

Nimeshafungua jalada polisi na RB, yaani namba ya taarifa yangu kituoni, ninayo. Kama nawe una risiti iliyoandikwa kwa wino wa kijani yenye mhuri wa duara usio na jina la mtaa, tafadhali usiitupe. Niandikie ili twende kituoni pamoja, kwa maana mimi na yule kijana tumeambiwa kwamba walalamikaji wakiongezeka, kesi itakuwa na nguvu zaidi.