Elgon hadi Turkana kwa siku sita: safari tamu, zipu ya aibu

Hii. Mnaiona hii? Ngoja niisogeze karibu na kamera. Zipu hii ndiyo iliyonikesha Mlima Elgon nimejikunja kama jongoo, soksi nimevaa mikononi.

Karibuni tena wadau. Niko nyumbani Kisumu, nimerudi juzi, na pua hii inayobambuka ni kazi ya jua la Turkana, kwa hivyo msiniulize kwenye maoni. Leo tunachambua ile safari mliyoniomba tangu mwaka jana: wanakupandisha Elgon, kisha wanakuteremsha jangwani, siku sita, na mwongozaji hakuachi. Nimelipa pesa yangu mwenyewe, 42,000. Kampuni sitaitaja kwa sababu bado tunaandikiana, na angalau wameanza kujibu kwa adabu.

Ratiba siwasomei, mnajua kusoma. Mlima siku tatu, barabara siku moja, mchanga siku mbili. Twende kwa begi la kulalia.

Karatasi yao inasema vifaa vya kulalia vimo ndani ya bei. Sawa. Nikapewa hili. Tazameni kipande hiki nilichorekodi juzi, kabla ya fundi: naingia. Navuta zipu taratibu, sina haraka, inapanda... inapanda... imefika kifuani. Safi, si ndiyo? Sasa angalieni huku chini kwa magoti. Mdomo wazi! Kichwa cha zipu kimepita, meno yameachana nyuma yake. Narudisha chini, navuta tena. Kimepita. Nyuma, wazi. Sasa mtu afanye hivi usiku, pale barabara ya gari inapoishia, vidole vimekufa ganzi, na asubuhi ukute maji ya chupa yamefanya ngozi ya barafu juu. Nilivuta hadi mwenzangu wa hemani akaniambia, "Ndugu yangu, acha hiyo kitu ilale na wewe ulale."

Jana nimeipeleka kwa fundi, sokoni Kibuye. Hakuishona hata uzi mmoja. Akaniambia meno ni mazima, kilicholegea ni kichwa, hakibani tena. Akachukua koleo, akakiminya kulia kidogo, kushoto kidogo. Basi. Oneni sasa: juu, chini, juu. Meno yameumana. Dakika mbili, shilingi 50. Akaniambia, "Hii itakusukuma wiki mbili kijana, halafu ulete tubadilishe kichwa." Yaani ndani ya 42,000 yangu, hamkupata shilingi 50 na mtu wa kuvuta zipu kabla hatujaondoka Kitale?

Naona nimepandwa na hasira. Acheni ninywe maji.

Kilichoniokoa ni mwongozaji. Mzee Msabaot, mtu wa huko huko mlimani. Alisikia nikihangaika, akaja na blanketi lake. "Shika, kijana wangu. Mimi baridi hii tumezaliwa pamoja." Nikamwambia ahsante mzee, nikalipokea bila kujifanya. Na kesho yake ndiye aliyetupeleka kilele cha Koitobos, mita 4,222, kwa mwendo wa mtu anayekwenda kuangalia mahindi yake. Sisi tulikuwa tunahema nyuma. Kile kilele kikubwa kabisa cha Elgon, Wagagai, 4,321, kiko upande wa Uganda, kwa hivyo kama mnataka picha ya hapo hii safari siyo.

Ila Kitum, jamani. Hapo nawasamehe nusu. Ni lile pango ambalo ndovu huingia usiku kutafuta chumvi. Mzee alituambia tuzime tochi zote. Giza la kushikika. Akaushika mkono wangu, akaupitisha ukutani, nikahisi mifereji, mmoja, wa pili, wa tatu, vidole viwili vinaingia. Akasema, "Hizo ni pembe." Ndovu hugonga ukuta kwa pembe, jiwe likimeguka analisaga na kulimeza. Na mle ndani huona nini? Hapapasi kwa macho, hupapasa kwa mkonga. Ndovu wenyewe hatukuwaona, mavi yao tuliyaona ya kutosha. Barakoa bebeni: kuna popo, na watu wawili waliougua homa ya Marburg, ugonjwa hatari wa virusi, mmoja 1980 na mwingine 1987, walikuwa wametembelea pango hili. Kampuni haikutaja hilo popote. Mzee ndiye aliyetaja.

Barabara ya Kitale hadi Lodwar, mji wa Turkana, ni kama kilomita 300, na hapo nina kisa kidogo na dereva. Tumepita Kapenguria, mji ule Kenyatta na wenzake watano walikohukumiwa 1953, jela yenyewe sasa ni makumbusho, na dereva hata gia hakupunguza. Halafu akasimama saa nzima anunue mbuzi.

Sasa sikieni hesabu. Lodwar iko kama mita 500. Juu tulikuwa 4,222. Kila mita 1,000 unazopanda, hewa hupoa kama nyuzi 6. Tofauti ni kama nyuzi 22! Kwa hiyo ni safari mbili tofauti ndani ya tiketi moja, lakini begi ni hili hili! Tulipofika Eliye Springs, ufuoni mwa Ziwa Turkana, nikalitandika mchangani nikalala juu yake chini ya mikoma. Huko ile zipu sikuihitaji, na ndipo nilipolala usingizi wa kwanza wa maana. Upepo ulivuma usiku kucha, na ndio maana video za Turkana nyingi zina sauti ya bati linalopeperuka. Nimeagiza kifuniko cha maikrofoni. Tukifika wafuatiliaji 10,000 naagiza na maikrofoni yenyewe.

Najua kuna mtu anaandika sasa hivi, "Hilo siyo jangwa, jangwa ni Chalbi." Uko sawa. Chalbi ni ng'ambo ya ziwa, Marsabit, sakafu ya ziwa lililokauka, nyeupe kwa chumvi, hakuna mti. Huku kwetu magharibi ni mchanga, miiba, mito mikavu, halafu mto Turkwel unakatiza na miti yake ya kijani. Safari za Chalbi nyingi huanzia Nairobi. Mimi nitoke Kisumu niende Nairobi ndipo nigeuke Marsabit? Hapana. Hii ya Kitale naifikia kwa matatu moja.

Bei? Kwa mzee yule na Kitum, 42,000 sililii. Kwa begi, nilie hadi lini. Desemba nataka kurudi, na nimeshanunua langu, mtumba, Kibuye, 1,800. Nilivuta zipu pale pale sokoni, juu chini, juu chini, hadi mama muuzaji akaniuliza, "Baba, unanunua begi ama unanunua zipu?"