Bango la brashi kutoka Mwanga: fundi mzuri wa herufi, si wa samaki

Mwezi wa Novemba mwaka jana niliamua kuliteremsha bango la kuchapwa lililokuwa juu ya fremu yangu, kwenye barabara iendayo Ujiji hapa Kigoma, na kumtafuta fundi wa kuandika kwa mkono. Lile la kuchapwa nililinunua kwa shilingi 35,000 kwa wachapaji ambao sitawataja, nalo liling'aa vizuri miezi mitatu ya mwanzo. Kiangazi kilipolishika, nyekundu yake iligeuka waridi na baadaye ikawa haina jina, kisha upepo wa alasiri utokao ziwani ukalichana kwenye matundu ya pembeni, hata likawa linapiga ukuta kama tanga lililokatika kamba. Mteja mmoja kutoka Kasulu alipita mbele ya duka mara mbili huku akiwauliza watu duka liko wapi. Siku hiyohiyo nilikata shauri.

Fundi ninayemtathmini hapa ana kibanda cha mabati nyuma ya maduka ya Mwanga, na hana bango lake mwenyewe, jambo ambalo nilishindwa kujizuia kumuuliza baada ya shikamoo. Alijibu kwamba mji mzima ni bango lake, na kwa kweli ukishajua mkono wake unauona kila mahali: kwenye kinyozi, kwenye duka la dawa, kwenye mgahawa wa wali na migebuka, na kwenye ubavu wa maboti ya mbao kule Kibirizi, ambako ndiko alikojifunzia kazi akiwa kijana kwa kuandika majina ya vyombo. Anasema boti humfundisha mtu haraka kuliko ukuta, kwa kuwa ubao wake umepinda, una viungo vya kalafati, na anayesoma yuko mbali, tena yeye na anachokisoma wote wanayumba.

Nilimpelekea karatasi yenye maneno 19: KARIBUNI SANA DUKANI KWETU KWA MAHITAJI YENU YOTE YA MAWESE SAFI, DAGAA NA MIGEBUKA WAKAVU, JUMLA NA REJA REJA. Aliisoma kwa sauti, taratibu, mpaka mimi mwenyewe nikaanza kuona aibu. Kisha akaniuliza barabara ina upana gani pale dukani na bajaji zinasimama upande upi. Nilidhani anapiga soga, kumbe anapima. Wenye kazi hii wana kipimo cha tangu zamani kisemacho kwamba herufi ya urefu wa inchi 1 husomeka vizuri kwa mtu aliye umbali wa futi 10, kwa hiyo mtu wa bajaji anayesimama futi 60 kutoka ukutani kwangu anahitaji herufi isiyopungua inchi 6. Bango la futi 8 kwa 3 haliwezi kubeba maneno 19 ya ukubwa huo. "Mwanangu," aliniambia, "aliye kwenye bajaji asome bidhaa tu. Mengine atayasoma akishashuka." Tukabaki na maneno sita: MAWESE kwa inchi 9, DAGAA na MIGEBUKA kwa inchi 6, na chini yake JUMLA NA REJAREJA kwa inchi 4.

Hilo neno la mwisho lilinipa funzo jingine. Tumezoea kuwacheka mafundi wa vibao kwa makosa ya tahajia, nami nilikwenda nimejiandaa kumsimamia kama mwalimu wa zamu. Yeye ndiye aliyeniuliza kama rejareja ni neno moja au mawili. Nilipoanza kubabaika alitoa chini ya benchi kamusi iliyong'oka jalada, akanionyesha kwa kidole chenye rangi ya bluu kwamba ni neno moja. Wachapaji wa lile bango la kwanza waliliandika kama maneno mawili bila kuuliza, kama nilivyolileta.

Ningependa kukaa kidogo kwenye maandalizi ya bati, kwa maana ndiyo sehemu ambayo mteja haioni na ndiyo inayoamua kama bango litaishi. Bati bapa alilonunua lilikuwa na zinki juu yake, ile inayozuia kutu. Hakulipaka rangi moja kwa moja. Alilisugua kwa msasa, akaliosha kwa maji ya sabuni, akalipitisha siki, akalisuuza na kuliacha likauke, ndipo akalipaka praima ya mabati na kusubiri siku nzima kabla ya rangi ya chini. Nilipomuuliza sababu ya mzunguko wote huo, alinijibu kwa kuniuliza mimi ninauza nini. Nauza mawese, na wateja wangu wengi ni wapika sabuni. Basi, alisema, zinki ikipata unyevu huwa kali kama magadi, na rangi ya mafuta ina mafuta ndani yake. Ukivikutanisha bila kitu cha kuvitenga, chini ya rangi hupikwa sabuni nyembamba usiyoiona, na baada ya msimu mmoja wa mvua rangi yote hubanduka kwa magamba. Nimeuza mawese miaka mingi bila kufikiri kwamba ukuta wa duka nao waweza kupika sabuni.

Uandishi wenyewe ulichukua asubuhi mbili, nami niliomba ruhusa ya kukaa kwenye kigoda nikitazama. Hakutumia kompyuta wala karatasi ya kukatia herufi. Alipiga mistari kwa uzi uliopakwa chaki, akachora herufi kwa penseli nyepesi isiyoonekana hatua tatu mbele, kisha akaegemeza mkono wa kulia juu ya fimbo yenye fundo la kitambaa kwenye ncha, ambayo aliishika kwa mkono wa kushoto ili kiganja kisiguse rangi mbichi. Brashi zake ni bapa, za nywele laini ndefu, na huzilaza ndani ya mafuta safi ya injini ili zisikakamae. (Nilimpelekea chupa ya mawese kwa ajili hiyo, kama zawadi. Alishukuru, akaeleza kwamba mawese huganda asubuhi, akaipeleka nyumbani kwake jikoni.)

Neno MAWESE lilimchukua muda kuliko nilivyotarajia, na hapo ndipo nilipoelewa ninachokilipia. A na W zinalaliana, moja imepanuka chini na nyingine imepanuka juu, hivyo ukiziwekea nafasi sawa na uliyoweka kati ya E na S, jicho linaona pengo. Fundi alizisogeza hadi zikakaribia kugusana, akarudi nyuma hadi mlangoni, akafumba jicho moja, akafuta A kwa kitambaa na kuisogeza tena upana wa ukucha. Kwenye DAGAA alikuwa na shida iliyo kinyume chake: A mbili zikifuatana huacha shimo juu katikati yake, na huwezi kuzibana zaidi kwa sababu miguu itagongana, kwa hiyo alizilegeza D, A na G zilizotangulia ili shimo hilo lisijitenge. G aliivusha mstari kidogo, juu na chini, kwa kuwa herufi ya mviringo ikiishia pale inapoishia herufi bapa huonekana fupi. Tumbo la juu la S alilifanya dogo kuliko la chini. Niliposhindwa kuliona hilo aliniandikia S kwenye kipande cha boksi, akakigeuza juu chini, na mara nikaiona herufi imelemewa kichwa kama mtu aliyebeba gunia bila kata.

Kivuli cha herufi alikitupia upande wa kushoto kwa chini. Nilidhani ni mtindo wa mtaani tu, lakini ana hoja: E, K na B zimenyooka upande wa kushoto, zikiwa na matawi na matumbo upande wa kulia, kwa hiyo kivuli cha kushoto kinahitaji mikwaju michache na kinatoka safi. Rangi alichagua bluu nzito juu ya malai (krimu). Mimi nilitaka nyekundu. Alinionya kwamba nyekundu za bei nafuu ndizo za kwanza kuchoka juani, na baada ya yaliyonipata sikuwa na la kubishia.

Rangi hizo za mafuta za kwenye makopo ndizo alizotumia Edward Saidi Tingatinga huko Dar es Salaam alipoanza kuchora vibao vyake mwaka 1968, na ng'ambo ya ziwa letu la Tanganyika, mbali huko Kinshasa, Chéri Samba aliandika vibao vya watu kabla ya kufungua karakana yake mwaka 1975. Nilimtajia fundi wangu majina hayo. Alisema yeye angependa kwanza walipe wale anaowadai pesa za rangi.

Sasa nieleze yasiyoridhisha, kwa sababu yapo. Aliahidi siku tano, zikawa tisa. Sehemu ya kuchelewa ni mvua, nami nakubali kwamba rangi ya mafuta haikauki vizuri hewa ikiwa na unyevu, lakini siku mbili kati ya hizo alikuwa Kibirizi akimalizia boti la mtu mwingine, na simu hakupokea. Risiti hana, aliniandikia kwenye karatasi ya daftari, kwa herufi nzuri kuliko za risiti yoyote niliyo nayo, lakini mhasibu hapokei uzuri. Namba ya simu aliiandika kwa tarakimu ndogo mno, nikalazimika kumwomba airudie, na aliirudia akinuna.

Halafu kuna samaki. Nilitaka mgebuka mmoja upande wa kulia wa bango. Alimchora kwanza kwenye karatasi, akautoboa mchoro kwa sindano kufuata mistari, akaupigapiga kwa kifuko cha unga wa mkaa hadi vitone vikahamia kwenye bati, na kazi hiyo ya kuhamisha ilipendeza kuitazama. Samaki aliyetokea hakupendeza. Mgebuka ni mrefu, mwembamba, wa kung'aa kama kisu. Huyu wangu amenona mgongoni na tumbo limejaa, na wavuvi wanaopita kununua sabuni wameniuliza zaidi ya mara moja ni lini nimeanza kuuza kuhe, samaki mwingine wa ziwani aliye mnene zaidi. Kwa herufi mtu huyu hana mpinzani ninayemjua mjini hapa. Kwa picha, mpelekee kazi ukiwa umejiandaa kucheka.

Gharama yote ilikuwa shilingi 110,000, pamoja na bati, mbao za pembeni na kulipandisha. Hiyo ni zaidi ya mara tatu ya bei ya lile la kuchapwa, na sitamlaumu anayeona ni nyingi. Kwa tangazo la harusi, la mkutano wa injili au la ofa ya wiki moja, kuchapisha kunatosha, na ukitaka sura ya mtu au ya bidhaa yenye rangi nyingi, mashine itakushinda kwa bei na kwa kasi. Lakini kwa jina litakalokaa juu ya mlango miaka kadhaa, nimeona tofauti. Bango limepita Desemba hadi Machi, mvua juu yake na vumbi la barabara kati ya mvua na mvua, na ninalifuta kwa kitambaa chenye maji tu. Hakuna gamba lililoinuka, hata pembezoni kwenye misumari, ambako aliweka rangi mara ya pili baada ya kugongelea.

Kuna jambo moja zaidi ambalo sikuliomba. Namba ya simu hakuiandika kwenye bango lenyewe bali kwenye kipande chembamba cha bati kilichofungwa chini kwa skrubu nne, kwa hoja kwamba watu hubadilisha laini kuliko wanavyobadilisha biashara. Mwezi wa Machi nilibadilisha kweli. Alifungua skrubu, akaondoka na kipande, akakirudisha kesho yake kwa shilingi 8,000, na maandishi makubwa hayakuguswa.

Atakayekwenda kwake aende asubuhi kabla ya saa nne, wakati ambapo bado hajaelekea ufukweni, abebe maneno yake yakiwa kwenye karatasi, na awe amepima ukuta pamoja na umbali wa pale wateja wanaposimama. Atanguliza nusu ya malipo. Siku atakazotajiwa, aziongeze nne. Kuhusu samaki, fundi ameahidi kuja kumpunguza tumbo bila malipo mvua zitakapokatika, nami nimeshamwekea ngazi.