Poäng: kiti kinachonesa katika kona ya kusomea

Kwa miaka miwili sasa nimekuwa nikisomea katika kiti kimoja, Poäng cha IKEA, kampuni ya samani yenye asili ya Sweden, ambacho nilikinunua kwa nia ya kutengeneza kona ya kusomea ya mtindo wa Skandinavia pembeni mwa sebule. Wakati huo nilikihesabu pamoja na rafu, zulia na mapazia meupe, kana kwamba vyote vina uzito sawa. Leo naamini kwamba kiti na taa ndivyo kona yenyewe, na kwamba vilivyobaki vinaweza kungoja hata mwaka mzima.

Kiti hiki kilibuniwa na Mjapani Noboru Nakamura, kikaanza kuuzwa katika miaka ya 1970 kwa jina la Poem. Jina la sasa lilikuja mwaka 1992, wakati fremu ya chuma iliyobeba kikalio ilipoondolewa na mbao ikachukua nafasi yake, hivyo kiti kizima kikaweza kufungashwa katika boksi bapa. Mikono na miguu yake ni tabaka nyembamba za mbao zilizogandishwa kwa gundi na kupindwa, ufundi ambao mbunifu Alvar Aalto wa Ufini aliutumia katika viti vyake tangu miaka ya 1930. Kwa kuwa hakuna miguu ya nyuma ya kuegemeza kikalio, uzito wa mwili hubebwa na mpindo huo wa mbao, nao hunesa.

Kunesa huko ndiko ninakokuthamini kuliko uzuri wowote wa umbo. Msomaji hatulii kabisa hata akizama katika kitabu: hufungua ukurasa, hugeuza shingo, hukunja mguu mmoja na kuunyoosha mwingine, na katika kiti kigumu kila mabadiliko hayo huishia kwenye kiuno. Hapa mbao hushuka kidogo na kurudi, kiuno kikapumzika bila mtu kusimama, na mara nyingi nimegundua kwamba saa mbili zimepita bila mimi kutafuta mkao mpya. Egemeo ni refu kiasi cha kupokea kichwa, na mikono ya kiti hutegemeza viwiko vizuri, jambo ambalo anayesoma kitabu kinene atalishukuru mapema. Nakamura mwenyewe alieleza kwamba kiti hakipaswi kumfunga anayekikalia, na maneno hayo nayaelewa kwa mgongo wangu.

Hata hivyo hakimfai kila mtu. Kikalio kimeinamia nyuma, kwa hiyo anayependa kusoma huku akiandika atapata taabu, na mwenye magoti dhaifu ajaribu kwanza kuketi na kuinuka kabla ya kununua. Skrubu zikazwe tena baada ya miezi michache ya matumizi.

Kuhusu taa nilikosea, na kosa hilo lilinifundisha mengi. Watu wa kaskazini mwa Ulaya hukaa muda mrefu bila jua wakati wa baridi. Kule Tromsø, nchini Norwe, halichomozi kabisa tangu mwisho wa Novemba hadi katikati ya Januari. Ndiyo maana nyumba zao hupenda mbao za rangi nyepesi na taa ndogo kadhaa za chini, badala ya taa moja kali ya darini. Mimi nilinunua katika duka fulani taa ya kusimama yenye kivuli, yaani kifuniko cha balbu, cha kioo kisicho na rangi, iliyopendeza dukani lakini ikawa inanichoma macho kila nilipoinua uso kutoka kwenye ukurasa. Mbunifu wa taa Poul Henningsen wa Denmark alilishughulikia tatizo hilo hilo katika miaka ya 1920, akapanga vivuli vya taa zake ili balbu isionekane na jicho na mwanga ufike ukiwa umetulia. Nilibadilisha kivuli kwa kingine cha kitambaa kizito, nikaweka balbu ya kelvini 2700, yaani yenye mwanga wa manjano uliopoa, na taa nikaisogeza nyuma ya bega ili mwanga uangukie kitabu. Tangu usiku ule macho yangu hayajalalamika.

Ngozi ya kondoo, ambayo picha nyingi huitandika juu ya kikalio, niliiondoa baada ya wiki moja kwa kuwa iliteleza pamoja nami. Sasa imelala sakafuni mbele ya kiti, na nyayo zangu hukaa juu yake.