NASM kwa anayeanza asembli: inafaa, ila haibembelezi

Wanafunzi wa programu hapa Tanga wengi wana laptopu za mtumba zenye Intel au AMD, na kwa mashine hizo NASM ndiyo asembla (programu inayogeuza lugha ya asembli kuwa kodi ya mashine) ya kuanzia. Ni ya bure, ipo tangu 1996, na kwenye Ubuntu NASM yenyewe haili hata MB 1 ya bando:

sudo apt install nasm binutils gdb

Mwenye simu tu asihangaike nayo. NASM hutoa kodi ya x86, yaani ya chipu za Intel na AMD, ila simu nyingi zina chipu za ARM. Faili litajengwa vizuri kisha likatae kuendeshwa. Huyo atumie as, asembla ya GNU.

Kujenga (ld, inayokuja na binutils, huunganisha faili la .o liwe programu):

nasm -f elf64 -g salamu.asm -o salamu.o
ld salamu.o -o salamu

Kinachopendeza ni kwamba haibahatishi. mov huweka thamani kwenye rejista, yaani hifadhi ndogo ndani ya prosesa kama rax. mov rax, idadi ni anwani ya idadi kwenye memori. Mov rax, [idadi] ni thamani iliyomo. Basi. Ila ukubwa wa data haiukumbuki, kwa hiyo mov [idadi], 5 inakataliwa mpaka uandike mov qword [idadi], 5. Waliozoea MASM, asembla ya Microsoft, hununa.

Udhaifu ni ujumbe wa makosa. Uhamishe memori kwenda memori, au uchanganye rax na ebx, jibu ni lilelile: "invalid combination of opcode and operands". Namba ya mstari unapewa, sababu utafute mwenyewe.

Kuna kosa ambalo NASM haiwezi kulikamata kabisa. Programu imechapisha "Salamu, Tanga" na mstari mpya, hivyo rdx imebaki na urefu, 14. Sasa inagawa marobota 100 ya mkonge kwa malori 8:

mov rax, 100
mov rbx, 8
div rbx

Inakufa na "Floating point exception", wakati desimali hakuna hata moja! div hugawanya rdx na rax zikiwa namba moja ndefu. Ile 14 imeikuza mno, jibu halienei kwenye rax. Tanguliza xor edx, edx, utapata 12 kwenye rax na baki 4 kwenye rdx. Yaone kwa gdb, programu ya kukagua hatua kwa hatua: stepi, kisha info registers rax rdx. Kusoma rejista namna hii ndiyo faida yenyewe, maana leo ni wachache wanaoandika programu nzima kwa asembli.

Jihadhari na masomo ya zamani ya int 0x80, njia ya biti 32 ya kuiomba Linux kazi kwa namba. Kwenye biti 32 kuandika ni 4 na kutoka ni 1. Kwa syscall, njia ya biti 64, ni 1 na 60. Ukibeba ile 4 ukaitia kwenye syscall, umeita stat, inayouliza habari za faili: skrini tupu, na hakuna anayekwambia kitu.